CHUPA YA SODA SI CHOMBO CHA MAFUTA

MIONGONI mwa ajali zinazowafika watoto wetu majumbani, ipo moja isiyo na kishindo. Mtoto wa miaka miwili anaiona chupa ya soda chini ya meza au pembeni mwa jiko. Chupa anaijua, na kilichomo ndani kinafanana na maji au sharubati. Anapiga funda moja, anapaliwa, anakohoa, analia. Watu wa nyumbani wanamkimbilia, wanamtapisha, wanamnywesha maziwa, na akinyamaza wanamshukuru Mungu na kumlaza. Usiku unapoingia mtoto anaanza kuhema mbio mbio, mbavu zinaingia ndani kila avutapo pumzi, na midomo inageuka rangi. Hapo ndipo chombo cha kumpeleka hospitali kinapoanza kutafutwa.

Ajali hii tunaiandikia leo kwa kuwa chanzo chake kinajulikana, kinga yake inajulikana, na kosa linalofanywa katika kuitibu nalo linajulikana. Na bado imeachwa iendelee kana kwamba ni kadari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 kuhusu ajali za watoto ilieleza kwamba katika mwaka 2004 pekee sumu za kila namna ziliua watoto na vijana zaidi ya 45,000 duniani, na ikayataja mafuta ya taa kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa katika nchi zisizo na uwezo. Visiwa vyetu vimo katika orodha ya nchi hizo, na mafuta yamo majumbani mwetu.

Jambo la kwanza linalohitaji kufahamika ni mahali hasa mafuta yanapodhuru. Wengi wetu hudhani kwamba mafuta ya taa ni sumu ya tumbo. Ukweli wa kitabibu ni mwingine. Mafuta yaliyotulia tumboni hayaingii kwa wingi katika damu. Balaa lake liko katika njia ya pumzi. Kooni mwa binadamu njia ya chakula na njia ya pumzi zimepakana mlango kwa mlango, na kinywaji kikipotea njia ndipo mtu anapopaliwa. Aliyepaliwa na maji hukohoa kidogo, yakesha. Aliyepaliwa na mafuta hana bahati hiyo, kwa kuwa mafuta ya taa, petroli, dizeli na dawa za kuyeyushia rangi ni mepesi, huteleza, na hutanda upesi juu ya kila yanachokigusa. Tone moja la mafuta ya taa likidondoka katika beseni la maji hutawanyika juu ya uso wa maji kabla ya mtu kulikinga. Na ndivyo yanavyotanda ndani ya pafu.

Mapafu yana vifuko vidogo vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na kila kimoja kina utando wa majimaji unaokizuia kisigandamane. Mafuta huuharibu utando huo. Vifuko hufumba, pafu huvimba na kujaa majimaji, na hewa safi hukosa njia ya kuingia katika damu. Kiasi kisichofika hata mililita 1, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai, kikishuka pafuni kinatosha kumletea mtoto maradhi makubwa. Basi hoja ya kusema kwamba mtoto alikunywa kidogo tu haina uzito. Lililo muhimu ni iwapo alipaliwa.

Kutokana na hayo msomaji ataona mwenyewe kosa la tiba tuliyoizoea. Imeenea dhana kwamba sumu iliyoingia kwa mdomo sharti itolewe kwa mdomo. Kidole hutiwa kooni, maji ya chumvi hunyweshwa, au maziwa hushindiliwa mpaka tumbo lijae na mtoto atapike. Lakini kumtapisha mtu aliyekunywa mafuta ni kumfanya apaliwe mara ya pili. Mafuta yaliyokuwa yametulia tumboni, pasipo na madhara makubwa, yanarudishwa kooni kwa nguvu na kupitishwa tena mbele ya mlango wa pumzi, safari hii yakiwa mengi zaidi na mtoto akiwa amechoka kwa kulia. Kwa njia hiyo mapenzi ya mzazi yanamaliza kazi ambayo chupa iliianza.

Kitabu cha mwongozo wa matibabu ya watoto hospitalini kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, chapa ya mwaka 2013, kinaagiza bila ya utata kwamba aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au tapentaini asitapishwe wala asipewe mkaa wa dawa. Tiba yake kubwa ni oksijeni na uangalizi. Hapana dawa ya kuyafuta mafuta yaliyokwisha ingia pafuni, na dawa za kuua vijidudu hazina kazi hapo ila vijidudu vikija baadaye kujiongeza juu ya jeraha. Mtoto anayeonekana mzima huangaliwa kwa muda wa saa 6 kwa uchache, kwani dalili huweza kuchelewa, na hata picha ya kifua iliyopigwa mapema mno yaweza kuonyesha pafu safi. Habari njema ni kwamba wengi waliofikishwa mapema na kupewa pumzi ya kutosha hupona katika muda wa siku chache. Kwa hiyo saa zinazopotea nyumbani kwa kutapisha na kusubiri ndizo saa zenye thamani.

Wala wananchi wasidhani kwamba msiba huu ni wa watoto peke yao. Katika madiko yetu ya kuvulia, katika vituo vya magari na katika gereji za pikipiki, ni jambo la kila siku kumwona mtu mzima ameutia mpira katika dumu la petroli na kuuvuta kwa mdomo. Kijana anayeifanya kazi hiyo husifiwa kwa ujuzi wake. Siku mafuta yanapomtangulia, hupaliwa, hutema, husukutua mdomo, na wenzake hucheka. Usiku huohuo au kesho yake hushikwa na kichomi upande mmoja, homa, pumzi fupi, na pengine makohozi yenye damu. Akifika kwa daktari husema anaumwa kifua. Mpira wa petroli hautaji, kwa kuwa hadhani una uhusiano wowote na maradhi yake, na daktari asiyeuliza atamtibu homa ya mapafu ya kawaida au kumshuku kifua kikuu. Maradhi haya madaktari wanayafahamu pia kwa wacheza sarakasi wanaopuliza moto kwa mafuta waliyoyajaza mdomoni, mpaka yakapewa jina la wachezaji hao. Mvuvi wetu hachezi sarakasi. Anatafuta riziki, na pafu lake ndilo mtaji wake.

Mafuta mazito nayo yana hila yake. Petroli humfanya mtu akohoe papo hapo, lakini mafuta mazito ya maji huweza kushuka pafuni kimya kimya bila ya kikohozi, yakakaa humo na kuliumiza pafu polepole. Daktari G. F. Laughlen wa Kanada aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1925, baada ya kuyaona mapafu ya watoto waliokuwa wakitiwa dawa za mafuta puani. Madaktari wa kusini mwa Saudi Arabia nao wameyaeleza kwa watoto wachanga waliokuwa wakipewa samli kwa desturi. Kwa hiyo bibi na mama anayetaka kumzibua mtoto mafua kwa kumdondoshea mafuta puani, yawe ya nazi, ya samli au ya dukani, tunamwomba kwa heshima zote auache mkono huo. Mafuta ni ya ngozi na ya chungu. Pua ni njia ya pumzi.

Sasa tuje katika chupa. Kwa nini mafuta yamo katika chupa ya soda au ya maji? Wapo wanaojibu haraka kwamba ni uzembe wa akina mama. Jibu hilo si la haki. Mtu mwenye kipato cha siku hununua mafuta ya siku. Hanunui dumu wala lita tano. Hununua kipimo kidogo, na muuza duka humwambia aje na chombo chake. Chombo kinachopatikana bure katika kila nyumba ni chupa tupu ya kinywaji. Kifuniko kikipotea huzibwa kwa karatasi au kipande cha nailoni. Nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili, haina kabati lenye kufuli, na mtoto anatambaa palepale panapopikwa. Aliyeiweka chupa ile chini hakukosa mapenzi kwa mwanawe. Alikosa chombo na mahali pa kukiweka.

Pengine mtu atasema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, maana umeme umefika, gesi imefika na taa za jua zimeenea. Ni kweli kwamba Pemba imeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na koroboi si nyingi kama zamani. Lakini umeme ni mgeni anayeweza kuondoka. Unguja haijasahau miezi ya giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa kutoka Bara ulipokatika huduma na kila mtaa ukalia kwa jenereta. Tena, mafuta ya taa yakipungua, petroli inachukua nafasi yake. Leo vijijini petroli ya pikipiki huuzwa kando ya barabara katika chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya meza kama zinavyopangwa chupa za maji yenyewe, juani, mbele ya macho ya kila mtoto anayerudi skuli na kiu yake.

Maofisa wetu wanaohusika na viwango hapana shaka wanalifahamu jambo lifuatalo. Katika utaratibu wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea alama, uliotolewa na Umoja wa Mataifa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, vimiminika vyepesi vya namna hii vimetengewa onyo lao maalumu: kwamba huweza kuua vikimezwa na kuingia katika njia ya pumzi. Onyo hilo hubandikwa kwenye pipa. Mafuta yanapotoka kwenye pipa na kumiminwa katika chupa ya soda, onyo hubaki nyuma, na badala yake mafuta huvikwa tangazo la kinywaji kitamu. Sheria inayoishia kwenye pipa haimlindi mtu yeyote anayenunua kwa chupa, na wanaonunua kwa chupa ndio maskini.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili na matunda yameonekana. Marekani ilipitisha mwaka 1970 sheria ya vifungashio vya kuzuia sumu, inayolazimisha bidhaa za hatari majumbani zitiwe katika vyombo vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Jumuiya ya Ulaya ilitoa mwaka 1997 agizo la kuzuia mafuta ya taa za mapambo yasitiwe rangi wala manukato, baada ya kuonekana kwamba rangi na harufu nzuri huwaita watoto. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Afrika ya Kusini, kwa kuwa hali ya wanavijiji wake inafanana na yetu. Huko, katika miaka ya 1990, kaya za wilaya moja ziligawiwa bure vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko vya kuwashinda watoto. Idadi ya watoto waliokunywa mafuta katika eneo hilo ilipungua kwa 47 katika kila 100. Hawakugawiwa dawa mpya wala hawakujengewa hospitali. Waligawiwa chombo chenye kifuniko.

Kwa hayo, sisi tunaiomba Serikali ichukue hatua zifuatazo, na tunaziorodhesha kwa mpango wa umuhimu wake.

Kwanza, uuzaji wa mafuta ya taa, petroli na dizeli katika chupa za vinywaji ukomeshwe kwa kanuni iliyo wazi, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati isimamie kanuni hiyo mpaka kwenye meza ya kando ya barabara. Lakini marufuku isitangulie chombo. Ikiwa leo tutamnyang'anya mwananchi chupa yake bila ya kumpa kitu mbadala, mafuta yatahamia katika kikombe na sufuria, na hatari itazidi. Vyombo vidogo vya lita moja na nusu lita, vyenye rangi moja inayotambulikana, kifuniko kigumu na alama ya onyo, vinaweza kutengenezwa kwa plastiki kwa gharama ndogo. Viuzwe kwa bei ya ruzuku au vigawiwe kwa mara ya kwanza bure, kisha muuza duka asiruhusiwe kupima mafuta isipokuwa ndani ya chombo hicho. Asiseme mtu kwamba visiwa vyetu haviwezi. Mwaka 2006 Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki wakati ambapo majirani wengi walikuwa bado wanaijadili. Waliokwenda sokoni na mifuko waliweza kurudi kwenye vikapu. Wenye chupa nao watazoea chombo kipya.

Pili, Idara zinazohusika na uvuvi na usafiri ziupige vita mtindo wa kuvuta mafuta kwa mdomo. Mashine nyingi za boti zina kwenye mpira wake wa mafuta kibofu cha kubinya kwa mkono, na hakuna mvuvi asiyejua kukitumia. Kifaa cha namna hiyohiyo, au pampu ndogo ya mkono, kikiwekwa katika kila diko na kila kituo cha pikipiki, mdomo utapumzika. Chama cha ushirika cha wavuvi hakihitaji mfadhili kutoka nje ili kununua pampu moja.

Tatu, Wizara ya Afya ihakikishe kwamba agizo la kutotapisha limeandikwa ukutani katika kila kituo cha afya, kuanzia mjini mpaka Kojani, Tumbatu, Uzi na Kisiwa Panza. Kisiwa kidogo kina tatizo lake: mtoto wa Tumbatu sharti avushwe kwa chombo mpaka Mkokotoni kabla hajapata gari, na wa Kojani sharti avushwe kabla hajaiona barabara. Bahari haimsubiri mgonjwa, na usiku wa kusi si kila nahodha atathubutu. Basi oksijeni na kipimo cha kidoleni cha kupimia hewa ya damu viwepo upande wa pili wa maji, mahali mgonjwa alipo, visingoje kumpokea Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee baada ya saa tano. Na kila mgonjwa wa namna hii aandikwe katika daftari: umri wake, alikunywa au alivuta nini, na kutoka chombo gani. Maradhi yasiyohesabiwa hayapati fungu katika bajeti.

Nne, masheha na walimu wa skuli na madrasa watumiwe. Visiwa hivi vimepata sifa duniani kwa kuipunguza malaria, na sifa hiyo ilipatikana kwa kuingia nyumba hadi nyumba kwa vyandarua na dawa ya kupuliza. Njia zilizokwisha fungua milango kwa ajili ya mbu zinaweza kufungua mlango huohuo kwa ajili ya chupa.

Tunajua kwamba Serikali ina mengi, na kwamba kanuni hupita katika meza nyingi kabla ya kufika dukani. Nyumba yenye mtoto haiwezi kungoja. Kwa hiyo yapo ambayo kila mwananchi anaweza kuyatenda leo kabla jua halijatua. Ayatoe mafuta yote katika chupa za soda na za maji, ayatie katika dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, na dumu hilo alitungike juu au aliweke mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Chombo cha mafuta kisigeuzwe tena kuwa cha maji, wala cha maji kisigeuzwe cha mafuta. Chupa, kikombe na kopo lililotumika kupimia lisiachwe chini likiwa na mabaki.

Na ikiwa ajali imekwisha tokea, mtoto asitapishwe, asishindiliwe maziwa, wala asitiwe kidole kooni. Avuliwe nguo zilizolowa mafuta na aoshwe ngozi kwa maji na sabuni, mbali na moto. Akitapika mwenyewe alazwe ubavu, kichwa kikiinama, ili matapishi yatoke nje. Kisha apelekwe hospitali bila ya kungoja dalili, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari aione. Mtu mzima aliyepaliwa na petroli naye aende, na amwambie daktari ukweli wote, kwa kuwa hapana aibu katika kuuguza pafu.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Tumezoea kuona chupa ya soda imejaa mafuta hata macho yetu hayashtuki. Mtoto wa miaka miwili hajazoea kama sisi. Yeye bado anaamini kwamba kilichomo katika chupa ya kinywaji ni kinywaji. Katika jambo hili mtoto ndiye mwenye haki, na ni wajibu wa wazazi, wafanyabiashara na Serikali kuufanya ulimwengu wake usimdanganye.